Nilivyomuua Amuge kwa Kalamu

“Kaburi la mama yangu liko wapi?”

Hapo ndipo tulipoachia wiki jana. Mgeni amesimama kaunta, bahasha mkononi, ananitazama machoni. Tangu siku hiyo mmenisema vya kutosha. Msomaji mmoja wa Nambale ameandika kwamba mwanamke kama mimi achapwe viboko mbele ya soko. Barua yake nimeisoma mara mbili na sina la kubishana naye.

Kwa aliyekosa gazeti, nieleze upesi. Naitwa Mercyline. Kazi yangu, katika Kituo cha Barua Mpakani hapa Busia ya Kenya, ni barua za ng'ambo zilizokosewa anwani. Busia ziko mbili na Malaba ziko mbili, moja kila upande wa mpaka, lakini mtu aliye mbali hajui hilo. Anaandika jina, anaandika Busia, anabandika stempu, analala usingizi wake. Barua inapitia Kampala, inashuka Busia ya Uganda, na huko hakuna anayemjua mwenyewe. Ijumaa Amongin, mwenzangu wa upande ule, ananikabidhi gunia dogo pale mpakani.

Sheria ya barua hizo haina ugumu. Jina linabandikwa kwenye ubao siku thelathini. Unauliza watu watatu, mmoja wao awe mzee wa mtaa. Mkishindwa wote, unabandika stika ya manjano yenye visanduku, unatia alama kimoja, unatia saini, na barua inarudi ilikotoka. Hajulikani. Amehama. Anwani haitoshi. Amefariki.

Tarehe kumi na nne Machi ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na miadi saluni, binamu yangu anaolewa kesho yake, na nilitaka kuwahi kiti. Gunia lilikuwa limebaki na barua moja kutoka Uholanzi: “Amuge, karibu na stoo ya pamba, Busia, Uganda.” Pembeni Amongin alikuwa ameandika kwa penseli: jaribuni Kenya.

Nilijaribu kwa mtu mmoja. Collins wa bodaboda alikuwa anashusha abiria mlangoni.

“Collins, unajua Amuge wa stoo ya pamba?”

“Amuge? Si alizikwa wiki jana huko Adungosi?”

Nikatia alama kisanduku cha mwisho. Hicho hakidai ubao wala siku thelathini, kwa sababu maiti hangojwi. Saa nane nilikuwa tayari nimekaa saluni nikivutwa nywele.

Sasa ni Oktoba, Ijumaa tena, saa nne asubuhi, na mwenye barua amekuja na miguu yake.

“Kaburi lipo, dada?” aliuliza mara ya pili. Anaitwa Austin. Ni mtu wa hapa kwa sura na wa mbali kwa mavazi, na Kiswahili chake kimetoka kitabuni, kila neno limepigwa pasi.

“Lipo,” nikasema.

“Na saini hii iliyo kwenye stika, ni ya nani?”

“Ya mwenzangu,” nikasema. “Aliacha kazi.”

Hesabuni wenyewe. Hata chai ya saa nne sijainywa, tayari nimetoa uongo.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee Methuselah, bosi wetu, akatoka akifuta miwani. Mzee huyu hastahili mfanyakazi kama mimi. Miaka thelathini kwenye barua, na mpaka leo akikuta bahasha imeloa anaianika dirishani kama nguo ya mtoto.

“Kuna shida gani hapa?”

“Nimekuja kuweka jiwe kwenye kaburi la mama yangu,” Austin akamwambia. “Nyinyi ndio mlionipa taarifa ya kifo. Nashukuru. Wengine wangeitupa barua.”

Mzee akavua kofia. “Pole sana, kijana. Pole sana.” Akanigeukia. “Mercyline, wewe ndiye ulifuatilia hiyo?”

Mgeni ananitazama, bosi ananitazama, na stika iko katikati yetu juu ya kaunta.

“Nilisaidia kuuliza,” nikasema.

“Basi mpeleke. Kaunta nitakaa mimi mwenyewe.” Akamwambia Austin kwa fahari iliyonichoma, “Huyu msichana hakosei. Wewe nenda naye tu.”

Nje kulikuwa na pikapu ya kukodi. Nyuma yake, chini ya turubai, kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kamba. Sikuuliza. Nilipanda mbele, nikafunga mkanda, tukashika barabara ya Malaba, kuelekea Adungosi.

Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu. Nilikuwa najipa moyo. Nilijiambia: Mercyline, tulia, kwani ulidanganya nini? Amuge wa Adungosi alikufa kweli. Collins hakuota. Kaburi lipo, mtoto atalia, jiwe litawekwa, na jioni kila mtu atakuwa kwake. Kosa langu lilikuwa haraka tu. Nilianza hata kujihisi mtu mwema.

“Alikufa lini hasa?” Austin akauliza.

“Mapema Machi.”

“Na barua ilifika tarehe kumi na nne.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo nilichelewa kwa wiki moja.”

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni.

“Barua hiyo niliiandika Krismasi,” akasema. “Ilikaa mezani kwangu miezi miwili. Kila siku nilipita nikaitazama. Niliogopa kuituma. Ningeituma Krismasi, mama yangu angeisoma. Wiki moja, dada Mercyline. Nimeihesabu kwa miezi saba sasa.”

Nikauliza, ili tu nisinyamaze, “Iliandikwa nini?”

“Mambo machache.” Akalipita lori moja. “Nilikuwa na miaka sita. Daktari Mholanzi na mkewe walikuwa wanarudi kwao, na mama yangu alikuwa na shida nyingi. Walikubaliana wanichukue, nisome. Siku ya kuondoka mama alinishika, hakutaka kuniachilia. Nami nilikuwa nimeahidiwa kupanda ndege. Nilimpiga mkono, nikamwambia: niache, wewe si mama yangu.”

Pikapu ilipita tuta kwa nguvu. Kile kitu cha nyuma kikagonga.

“Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu. Niliandika barua ili kulifuta. Anwani niliipata kwenye karatasi za daktari alipofariki. Aliandika Uganda. Nadhani hakuwahi kujua mpaka uko wapi.”

Wasomaji, mimi nimelelewa kanisani. Najua saa ambayo mtu anatakiwa kufungua mdomo. Hapo ndipo palikuwa pake. Ningesema: ndugu yangu, ile tarehe usiibebe, sikuuliza vizuri, huenda hukuchelewa hata siku moja. Maneno mafupi tu. Lakini nilimwona Mzee Methuselah akivua ile kofia, nikaona kazi yangu ikienda, nikaona aibu mtaani. Nikamwacha mwenzangu na mzigo wangu juu ya mzigo wake.

“Pole,” nikasema. Niliona haya kwa neno hilo hata kabla halijatoka lote.

Adungosi tuliuliza sokoni, tukaelekezwa boma la Oundo, fundi wa baiskeli. Tulimkuta ameinama juu ya gurudumu, spoku mdomoni. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, simenti yake bado ina rangi mpya, na jina limechorwa kwa mkono: AMUGE.

Niliona lile jina nikashusha pumzi. Limeandikwa kabisa.

Austin hakusalimia mtu. Alitembea mpaka pale, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye simenti na kulia. Si kilio cha wanaume wa mazishi yetu, cha kuzunguka boma kikisikika mpaka kijiji cha pili. Alilia kimya, mabega yakitikisika, akirudia neno moja, “Nisamehe, nisamehe, nisamehe.”

Oundo alitoa spoku mdomoni. Akanitazama mimi, akamtazama yule, akasimama polepole.

“Wewe boss. Wewe ni nani, na unalilia bibi yangu kama nani?”

Austin akainua uso uliolowa. “Bibi yako?”

“Ndio, bibi yangu! Huyo umelalia ni bibi yangu!”

“Mimi namlilia mama yangu. Amuge.”

“Mama?” Oundo alicheka kicheko kibaya. “Amuge wangu alikuwa na miaka ishirini na nane. Wewe nakuona umepita thelathini. Alikuzaa saa ngapi?”

Nilirudi nyuma hatua moja.

Oundo alikuwa ameshafika kwenye pikapu. Akafungua kamba, akafunua turubai, na sote tukaona. Lilikuwa jiwe jeusi linalong'aa, aina ile tunayoiona kwenye makaburi ya wakubwa, na maandishi yake yalikuwa ya rangi ya dhahabu:

AMUGE. NISAMEHE, NIMECHELEWA.

“Ahaa!” Oundo akapiga mguu chini. “Sasa nimeelewa! Ndiyo maana alikuwa anachukua simu anaenda kuongelea nyuma ya choo! Kumbe ni wewe wa ng'ambo! Umemaliza kunidanganyia bibi akiwa mzima, sasa umenifuata mpaka kwa kaburi na jiwe la bei!”

“Bwana, tafadhali, kuna kosa…”

“Kosa unalo wewe!”

Akashika jembe lililokuwa limeegemea ukuta. Mimi si shujaa, mnanijua sasa, lakini miguu ilinipeleka katikati yao kabla sijafikiri.

“Baba, ngoja! Mzee Oundo, ngoja! Huyu hamjui bibi yako! Anatafuta Amuge mwingine! Amuge wa stoo ya pamba, aliyempa daktari mzungu mtoto!”

Jembe lilisimama hewani.

Oundo alimtazama Austin tena, safari hii kwa makini, kama mtu anayetafuta pancha kwenye tyubu. Alitazama macho, akatazama masikio. Jembe likashuka.

“Ai,” akasema kwa sauti nyingine kabisa. “Ai, jamani. Ni wewe yule mtoto?”

“Unanijua?”

“Nani hajui hiyo story? Huyo ni shangazi ya bibi yangu. Bibi yangu ndiye alipewa jina lake.” Akakaa chini palepale kwenye ukingo wa kaburi. “Alipopeana mtoto watu walimsema, oh, ameuza damu yake. Walimsema mpaka akahama hapa. Alipozaa msichana huko Busia, akasema hilo jina la Amuge limekufa, anayetaka kumwita amwite Mama Brendah.”

“Na sasa?” Austin alikuwa bado amepiga magoti. “Amezikwa wapi?”

“Kuzikwa? Nani amezikwa? Si alikuwa hapa juzi na karanga zake? Anasaga karanga, anauza kwa beseni ya samawati. Lakini Ijumaa humpati soko. Ijumaa anaenda posta, ati kuulizia barua.”

Wasomaji, kuna kitu niliwaficha. Wiki jana niliwaambia kwamba siku ile ya Machi nilikuwa peke yangu kaunta. Si kweli. Nimekula kiapo kuwaambia yote na nimekivunja, kwa hiyo nisikieni sasa.

Kila Ijumaa, mwaka wa nne huu, anakuja mama mmoja mwenye beseni ya samawati. Anafika saa tano, anasubiri zamu yake, ananiuliza, “Mwanangu, yangu imefika?” Siku ya kwanza nilimuuliza jina, akasema Mama Brendah. Nilitafuta, hakuna. Ijumaa iliyofuata nilitafuta tena. Baada ya hapo sikutafuta. Nilikuwa nasema, “Hakuna, mama,” bila kuinua kichwa. Mara nyingine ananiachia karanga kwenye karatasi. Nimekula karanga zake miaka minne, na sijawahi kumuuliza jina alilopewa na mamake.

Nani huko duniani anaandika bahasha kwa jina la Mama Brendah? Mimi ndiye mtu wa barua. Mimi ndiye nilipaswa kujua kwamba mwanamke wa hapa akishazaa, jina lake hufungwa kabatini, na mtu wa ng'ambo hana ufunguo wa hilo kabati.

Na tarehe kumi na nne Machi alikuwepo. Alikuwa amesimama mbele yangu, upana wa kaunta tu kati yetu, wakati natia ile alama.

“Hiyo bahasha ni nzuri,” alisema. “Ina ndege kwa stempu. Ni ya nani?”

“Si yako, mama,” nikamjibu. “Mwenyewe alikufa.”

Akaweka beseni chini. Akagusa bahasha kwa kidole kimoja, pale kwenye ndege. “Maskini,” akasema. “Kuna mtu huko mbali hajui. Mungu amfariji.” Akafumba macho akamwombea, na mimi nikatazama saa ya ukutani, maana nilikuwa nachelewa saluni.

Hilo ndilo nililowaficha. Sasa msomaji wa Nambale aongeze viboko.

“Yuko hai,” Austin alikuwa anasema. Alikuwa amesimama, anacheka na kulia pamoja, amemshika Oundo mabega. “Yuko hai! Yuko hai!” Kisha kicheko kikakatika. Akanigeukia. “Basi nani aliniandikia kwamba amekufa?”

“Ofisi,” nikasema. “Ofisi ilikosea.”

“Ofisi haina mkono,” akasema. “Nani aliandika?”

Simu yangu ikalia. Ni Mzee Methuselah. Sijui hata sasa kwa nini nilibonyeza spika. Labda nilikuwa nimechoka kujificha.

“Mercyline, kuna mama hapa na beseni. Anasema kila Ijumaa wewe ndiye unamhudumia. Anauliza yake imefika? Nimwambie nini?”

Austin alisogea karibu na simu. Oundo pia.

“Mzee,” nikasema, “muulize jina lake.”

“Amesema Mama Brendah.”

“Hapana. Jina lake mwenyewe. La kuzaliwa.”

Tukamsikia akiuliza kwa adabu zake zote. Sauti ya mwanamke ikaja kwa mbali, sauti ninayoijua.

“Hilo jina? Hakuna mtu ananiita hilo tena. Naitwa Amuge. Kwani mnataka la nini?”

Austin alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikakata simu. Nikamwambia, “Mkono ni huu.” Niliuinua kweli, kama mtoto darasani. “Saini ni yangu. Hakuna mwenzangu aliyeacha kazi. Niliuliza mtu mmoja badala ya watatu, kwa sababu nilikuwa naenda kusukwa nywele. Hukuchelewa, Austin. Hukuchelewa hata siku moja. Siku barua yako ilipofika, mama yako alikuwa amesimama hapo kaunta.”

Nilingoja kofi. Ningelipokea vizuri.

“Miezi saba,” akasema. “Nimemzika kwa miezi saba.” Hakupandisha sauti. Alitazama mkono wangu muda mrefu, kisha akaruka ndani ya pikapu, akawasha, akageuza huku akivunja ua wa Oundo. Akatoweka na vumbi lake.

Oundo ndiye aliyeona kabla yangu.

“Jiwe!” akapiga kelele. “Madam, ameenda na hiyo jiwe! Na sijafunga turubai!”

“Atalishusha mjini.”

“Wewe ni wa wapi? Mtu mzima haonyeshwi kaburi yake! Huyo mama akikuta jina lake kwa jiwe, hiyo ni kumwita kaburini! Kuna watu wameona kitu kidogo tu kama hicho, wakaenda kulala, hawakuamka! Kimbia!”

Mnaweza kucheka, nyinyi wa Nairobi. Mimi sikucheka. Kwetu mtu akitangazwa maiti akiwa hai, hafutiwi kwa kuomba radhi. Nilikuwa nimemuua kwa kalamu mara moja, na sasa jiwe linakwenda kumalizia.

Nilipiga simu ya Mzee Methuselah. Iliita mpaka ikachoka. Najua anavyoirudisha ofisini akishamaliza kuongea, anasema ni heshima kwa wateja. Namba ya Austin sikuwa nayo. Nilivua viatu nikakimbia mpaka steji ya Adungosi, na aliyekuwa mbele kwenye foleni ya pikipiki, kama kwa makusudi ya kunitesa, ni Collins.

“Busia! Haraka! Fuata pikapu nyeupe!”

Tulishika lami. Upepo ulinitoa machozi, au ndivyo nilivyojiambia.

“Collins!” nikampigia kelele sikioni. “Machi uliniambia Amuge wa stoo ya pamba amekufa!”

“Si alikufa? Bibi ya Oundo!”

“Kuna mwingine! Mama mzee!”

“Mama Brendah? Huyo namjua! Lakini madam, hukuniuliza ni wa miaka ngapi. Uliuliza ukiwa umesimama na mkoba begani. Nikajua una haraka, nikakupa ile ya karibu.”

Nikamgonga bega aongeze mwendo.

Pikapu tuliiona mara moja, karibu na foleni ya malori, ikipenya upande usio wake. Turubai lilikuwa linapeperuka. Halafu lori la mafuta likatuziba, na tulipolipita, hapakuwa na pikapu.

Tuliingia Busia saa sita kasoro. Nikaruka kabla Collins hajasimama vizuri.

Pikapu ilikuwa mbele ya kituo, mlango wa dereva wazi, injini bado inaunguruma. Turubai lilikuwa limeanguka barabarani. Kupitia dirisha la kituo nilimwona Austin ndani, amemshika Mzee Methuselah mkono, anauliza, anatazama huku na huku. Na Mzee anaonyesha kwa kidole upande wa nje, mdomo wake ukisema, ametoka sasa hivi.

Nikageuka.

Beseni ya samawati ilikuwa chini, kando ya gurudumu la nyuma. Mama Brendah alikuwa amesimama mbele ya lile jiwe, amelivulia kitambaa chake cha kichwa kwa heshima ya marehemu asiyemjua. Hajui kusoma. Alikuwa anafuata herufi za dhahabu kwa kidole kimoja, kile kile alichogusia ndege wa kwenye stempu.

Aliniona, akafurahi.

“Mwanangu, afadhali umekuja. Wewe umesoma.” Akanivuta karibu kwa kiwiko, akapunguza sauti. “Nimekuta watu wameacha msiba wao barabarani hivi, na jiwe ni zuri sana, nataka nimwombee huyu mtu. Hebu nisomee. Hapa wameandika jina la nani?”